Kila Kitu Chetu Hushukia Mombo

(Hotuba ya bwana shamba mstaafu kwenye mahafali ya kidato cha sita, katika shule moja ya sekondari wilayani Lushoto. Imeandikwa kutoka kwenye kinasa sauti na kupunguzwa kidogo.)

Mkuu wa shule, walimu, wajumbe wa bodi, wazazi wenzangu, na ninyi wahitimu mliokaa hapo mbele na majoho yenu: onga mshee!

Naam, niwedi. Naona nusu ya ukumbi imeitikia na nusu imetazamana. Hao waliotazamana ni wa Dar na Tanga mjini, walioletwa huku na wazazi wao wapate baridi na adabu. Baridi mmeipata. Hilo la pili nawaachia walimu.

Nimepewa dakika ishirini niseme juu ya jiografia na uchumi wa wilaya yetu. Mada imeandikwa kwenye ratiba kwa herufi kubwa kabisa, nikahisi kama nami nafanya mtihani wa taifa. Mimi si profesa. Nimekuwa bwana shamba miaka thelathini na ushei, kwa miguu, kwa baiskeli, mwisho kwa pikipiki ya serikali iliyokuwa ikizimika kila ikiona mlima. Kwa hiyo nitasema ya njiani.

Juzi nilikuwa Korogwe msibani. Leo asubuhi nikafika Mombo, pale chini ya mlima wetu, saa moja na nusu, nikaambiwa gari la kupanda halijajaa, tusubiri. Nikaagiza chai na chapati, nikakaa kwenye benchi linalotazama njia panda. Mzee akikosa la kufanya huhesabu vitu. Ndani ya nusu saa zilishuka kenta tano: tatu za kabichi na karoti, moja ya viazi, moja matenga ya nyanya yamefungwa kamba juu mpaka unashangaa ilipitaje kwenye kona za Soni. Likashuka na lori la mbao. Zikashuka Noah mbili zimejaa vijana wenye mabegi, wanaenda kutafuta maisha. Na vilivyopanda je? Saruji, mabati, mbolea, soda, marobota ya mitumba, mafuta ya kula.

Nikaona jambo ambalo nimeliona miaka yote lakini sikuwahi kulisema mbele ya watu. Vile vinavyopanda vina bei tayari. Mfuko wa saruji ukitoka Tanga una bei yake, ukifika Lushoto una bei yake na nauli juu. Vile vinavyoshuka havina bei. Bei yake vitaikuta huko mbele, na ataitaja mtu ambaye hajawahi kushika jembe kwenye mteremko. Wanangu, hilo ndilo nililokuja nalo leo. Yote nitakayosema kuhusu milima, mvua na misitu yananirudisha pale pale kwenye benchi la Mombo.

Tuanze na mlima wenyewe, maana bila huo hakuna kabichi.

Mmefundishwa Milima ya Tao la Mashariki: Taita kule Kenya, halafu Pare, Usambara, Nguru, Uluguru, mpaka Udzungwa kusini. Kilimanjaro mnayoisifia kwenye nyimbo ni volkano, ni mtoto wa juzi. Hii yetu ni miamba mikongwe iliyoinuliwa ikabaki imesimama, kingo zake zimekatika kama mkate. Mombo iko kama mita 400 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko kama 1,400. Barabara ya kilomita thelathini na kidogo inakupandisha mita elfu moja, na ukiendelea Magamba na Shume unapita 2,000. Ndiyo maana anayetoka Mombo amevaa fulana akifika Magamba anaazima sweta.

Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, haukutani na kizuizi chochote cha maana mpaka ugonge Usambara. Ukigonga unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unaachia mvua. Upande wa kusini-mashariki, kule Ambangulu kwenye chai, mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Vukeni mlima mshuke Mkomazi upande wa pili, mtakuta mbuyu, mkonge na vumbi. Huko miaka mingi hata 600 hazifiki. Mtu mmoja mwenye miguu mizuri anaweza kutoka kwenye ukungu asubuhi akawa jangwani kabla ya adhuhuri.

Wazee wetu hawakuwa na kipimamvua, lakini ramani hiyo walikuwa nayo kwa maneno mawili. Juu ni Shambaai. Chini ni nyika. Shambaai kuna mgomba, maji na afya. Nyika kuna joto, wanyama, vita na homa. Na kwa habari ya homa, ngojeni niwape kisa ambacho kila mwanafunzi wa baiolojia wa wilaya hii angepaswa kukijua.

Mwaka 1897 na 1898 alikuwa huku Afrika Mashariki daktari Robert Koch, Mjerumani, yule aliyegundua vimelea vya kifua kikuu. Alitaka kujua malaria inaambukizwaje. Akawakuta watu wa Usambara wanasema: sisi tukiwa juu ni wazima, tukishuka nyika tunaugua, kwa sababu kule kuna wadudu wanatuuma. Akauliza ugonjwa unaitwaje. Mbu. Na mdudu je? Mbu. Jina moja! Koch akaliandika hilo kwenye taarifa zake. Miaka ile ile Ronald Ross, Mwingereza, alikuwa India anapasua mbu mmoja mmoja chini ya hadubini kuthibitisha jambo hilo, na akapata tuzo ya Nobel. Mababu zetu hawakupata hata daftari. Siwaambii wangepewa Nobel, maana kujua na kuthibitisha ni kazi mbili. Nawaambia tu kwamba maarifa nayo yalishuka, na jina la aliyeyatoa halikwenda nayo.

Sasa angalieni vijiji vya zamani vilijengwa wapi. Mtae, Vuga, na vingine vingi: pembezoni kabisa, pale mlima unapokatika. Mgeni anadhani walipenda mandhari. Walitaka mguu mmoja uwe huku na mmoja kule. Nyumba na migomba juu, shamba la pili chini nyika. Mvua ikigoma huku, huenda kule ilinyesha. Ikigoma kule, mgomba hausahau kuzaa. Huo ulikuwa mfumo wa bima kabla ya kampuni za bima. Na mtu aliyekuwa anashuka kulima alikuwa anashuka na kupanda kwa hiari yake, na mazao yake yalipanda naye.

Mambo yalianza kubadilika lini? Mimi naweka alama mwaka 1862, alipofariki Kimweri ye Nyumbai. Alikuwa Simba Mwene, mfalme wa Vuga, na mmisionari Krapf alimtembelea mara mbili, 1848 na 1852. Mfalme huyu nguvu yake ilikuwa juu: watu, mvua, migomba, kodi ya mifugo na vyakula iliyopandishwa mpaka Vuga. Alikuwa na mwana aitwaye Semboja. Huyo hakukaa juu. Alikaa Mazinde, pale chini, hatua chache kutoka Mombo ya leo, kwenye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro. Pembe za ndovu zikapita mlangoni kwake, watumwa wakapita, bunduki na baruti vikapita. Mfalme mpya wa Vuga, mjukuu wa Kimweri, alikuwa na ufalme. Semboja alikuwa na bunduki. Mwisho wa habari mnaujua hata kama hamjausoma.

Lakini sehemu inayonivutia mimi ni ya baadaye. Semboja alipoishinda Vuga hakuhamia Vuga. Alimkalisha mwanawe pale kwenye kiti, yeye akarudi zake Mazinde. Fikirini mtu anashinda vita ya kiti cha enzi halafu anakiacha kiti! Alijua kiti kimebaki jina. Mali ilikuwa inapita barabarani chini, na anayekaa barabarani ndiye anayetaja bei. Kuanzia siku hiyo, ukiniuliza mimi, makao makuu ya kiuchumi ya Usambara yako chini ya mlima, na hayajapanda tena.

Wajerumani walipokuja walilijua hilo vizuri. Reli waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905, ikaambaa na mguu wa mlima kuelekea Moshi. Mji wetu wakauita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, kwa sababu hali ya hewa iliwakumbusha kwao. Juu kule Shume waliona msitu wa mitarakwa, mti mwekundu wenye harufu, laini kwa kisu, unaofaa penseli. Tatizo likawa jinsi ya kuushusha. Wakajenga njia ya kamba za chuma, nguzo kwa nguzo juu ya makorongo, magogo yanaelea hewani kutoka Shume mpaka Mkumbara kwenye reli. Hiyo ni kabla ya Vita Kuu ya Kwanza! Baba yangu aliyasikia hayo kwa wazee wake waliofanya kazi pale. Walisema kamba ile ilikuwa na upande wa kupanda pia, lakini vilivyopanda vilikuwa vitu vya bwana mkubwa.

Wakati huo huo chini kulikuwa na mashamba ya mkonge, na mkonge ulitaka mikono. Washambaa wengi hawakutaka kushuka kukata mkonge, wakaitwa wavivu. Mimi nimeisikia hiyo ya uvivu mpaka enzi zangu nikiwa kazini, kutoka kwa maofisa wenzangu. Mtu mwenye mgomba wake, maji yake na ng'ombe wake, na anayejua kuwa huko chini kuna mbu, kwa nini aende?

Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza, na hapa nitakaa kidogo, maana hii imenigusa nyumbani.

Waingereza waliona udongo unaporomoka. Walikuwa sahihi, ulikuwa unaporomoka: watu walikuwa wameongezeka, mashamba yamepanda mpaka kwenye miinuko mikali, mahindi na mihogo vimechukua nafasi ya migomba. Mwaka 1946 wakaanzisha mpango wao pale Mlalo, baadaye wakaueneza wilaya nzima. Kila mwenye shamba kwenye mteremko alitakiwa kuchimba matuta kwa vipimo vya serikali. Asiyechimba, faini. Na nani alikuwa anachimba? Tuulizane ukweli. Wanaume walikuwa vibaruani Tanga, au mkongeni, au kwenye baraza wanajadili. Matuta walichimba akina mama. Mama yangu amechimba matuta mimi nikiwa mgongoni mwake. Alinisimulia kwamba ukimaliza kutuliza tuta moja, mvua ya usiku mmoja inalilaza, na kesho yake mkaguzi anakuja na fimbo ya kupimia kana kwamba mvua ni wewe.

Kwa Kishambaa tuna maneno mawili mazito, ninyi wa Dar mtasamehe: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme anayeleta mvua na amani anaiponya nchi. Watu walisema wazi kwamba matuta yanabana shi. Hawakuwa wanapinga udongo usichukuliwe na maji. Walikuwa wanaona kwamba nguvu zao zinaenda kwenye tuta na jioni hawana cha kupika. Wakakataa, wakakusanyika, wakashitakiwa, TANU ikasikia, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza akaufunga mpango wake.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, wa serikali yetu na Wajerumani, SECAP. Nilikuwa kijana, nikapangiwa kazi humo. Mlima ni ule ule, mteremko ule ule, udongo ule ule, na akina mama wale wale, wengine walikuwa bado na kovu za matuta. Nikasema moyoni: hapa tutapigwa mawe. Tulichokuja nacho kilikuwa mistari ya majani, Guatemala na mabingobingo, yapandwe kukata mteremko. Nilimkuta bibi mmoja huko juu ya Mlalo, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: haya majani yatalala tu? Nikamwambia hapana bibi, utayakata umpe ng'ombe, ng'ombe akae bandani, upate maziwa na samadi. Akanyamaza. Wiki iliyofuata nikakuta mistari mitatu imepandwa, imenyooka kuliko niliyokuwa naichora mimi kwenye karatasi.

Sitawadanganya kwamba mradi ule uliponya kila kilima. Tembeeni mtaona makovu. Ila yule bibi hakuwa mkaidi kama ripoti za zamani zinavyosema juu ya mama yangu. Alikuwa anauliza nini kitapanda kurudi nyumbani kwake.

Haya, tuje kwenye mboga, maana najua wazazi wengi hapa ada mliilipa kwa karoti.

Nendeni bondeni saa kumi jioni siku ya mzigo. Karoti zimeng'olewa tangu asubuhi, zimemwagwa kando ya kijito. Vijana wamekunja suruali, wanazisugua ndani ya viroba na maji, kiroba kinavutwa huku na huku kama mtu anakanda unga, udongo mwekundu unatoka, rangi ya chungwa inatokea. Maji ya chini ya kijito yanakuwa mekundu. Mikono imekufa ganzi kwa baridi. Kisha kufunga: gunia linajazwa mpaka mdomo, halafu juu ya mdomo inajengwa kofia, inashonwa kwa kamba na majani. Hiyo kofia ndiyo lumbesa. Gunia linalohesabiwa moja limebeba karibu moja na nusu. Linapanda kichwani mpaka barabarani, mtu anatembea shingo imezama mabegani. Saa moja usiku kenta inaondoka. Alfajiri iko Dar es Salaam, kilomita kama 360.

Nami niliwahi kufanya. Mwaka wa kwanza wa kustaafu nikasema, nimewashauri watu maisha yangu yote, ngoja nilime mwenyewe nione. Nikapata magunia kumi na mawili ya karoti, safi, ndefu, ningeweza kuziweka kwenye kitabu. Nikampigia dalali wa soko moja la Dar, sitalitaja, akanipa bei ya kupendeza. Nikashusha mzigo. Asubuhi simu: mzee, leo zimeingia kenta nyingi, bei imelala. Nikamwambia zuia kidogo. Akacheka kwa upole, hakuwa mtu mbaya: mzee, karoti haizuiwi. Saa nane mchana ikaja pesa kwenye simu. Nikatoa nauli, magunia, vibarua, ushuru, mbolea, dawa. Nikabaki na deni la dawa. Mke wangu akaniuliza: hivi ndivyo ulivyokuwa unawashauri watu?

Nilikaa nikajiuliza nani kaniibia. Dalali alichukua kamisheni yake, dereva nauli yake, halmashauri ushuru wake. Kila mmoja alikuwa na bei aliyoijua kabla gari halijawashwa. Mimi peke yangu ndiye niliyeshuka bila bei. Karoti ikishaoshwa haina subira, na anayesubiriwa na karoti inayonyauka hawezi kubishana. Shume, Malindi, Lukozi, Mlalo, Soni, wote tunapanda wiki moja kwa sababu mvua ni moja, tunavuna wiki moja, tunashuka usiku mmoja. Na siku hizi viazi vya Njombe vinatungojea sokoni vimekaa kitako.

Kuhusu lumbesa, sheria ya vipimo inakataza, mazao yauzwe kwa kilo. Kila mwaka tunatangaziwa. Lakini mzani uko wapi? Bondeni hakuna mzani. Mkulima mmoja akikataa kujenga kofia, mnunuzi anavuka kijito anakwenda kwa jirani. Ni mpaka jirani naye akatae. Nimeona vijiji vikijaribu, vinakaa msimu mmoja, halafu mmoja ana mgonjwa hospitalini anahitaji pesa leo, anajenga kofia, na wote wanarudi. Simlaumu.

Chai nitaigusa tu. Wa Bumbuli mnajua habari za kiwanda cha Mponde, kilichofungwa mwaka 2013 kwa mgogoro wa wakulima na mwekezaji. Majani ya chai yakikaa siku moja bila kiwanda ni majani tu. Karoti angalau utakula. Utalii nao upo: watu wanakwenda Irente kutazama nyika kutoka juu ya jabali, wanapiga picha, wanakula jibini na mkate, wanashuka. Ni pesa nzuri kwa wachache.

Lakini kuna bidhaa kubwa kuliko karoti, chai na wageni, nayo haijawahi kupakiwa kwenye kenta. Maji.

Mwalimu wa jiografia, nisaidie nikikosea. Mvua ya upande wa kusini, magharibi na mashariki wa mlima wetu inaingia mto Mkomazi na mto Lwengera. Yote miwili inaingia Pangani maeneo ya Korogwe. Na chini ya Korogwe kuna nini? Hale, mtambo wa umeme wa megawati 21 uliojengwa mwaka 1964, na chini yake Pangani mpya, megawati 68, ya miaka ya 1990. Si maji yetu peke yetu, yapo ya Kilimanjaro, Meru na Upare. Lakini tone lililotoka kwenye ukungu wa Magamba limo. Upande wa kaskazini, kutoka msitu wa Shagayu, unatoka mto Umba. Huo unamwagilia mpunga na mboga kule chini, halafu unavuka mpaka kwenda Kenya na kuingia baharini karibu na Vanga. Watu wa nchi mbili wanakunywa jasho la mlima huu.

Nani anayatengeneza hayo maji? Msitu. Nimeingia msitu wa Magamba asubuhi ya kipupwe ambapo hakuna mvua kabisa, anga ni jeupe, lakini ndani unalowa. Ukungu unashika kwenye ndevu za kuvu na majani ya mkulo, unadondoka tone tone usiku kucha. Weka kopo chini ya mti, weka jingine uwanjani. Asubuhi la uwanjani ni kavu. Jaribuni, halihitaji maabara. Mkulo huo, ambao wataalamu wanauita Ocotea usambarensis, umeandikwa jina letu, na tumeukata mbao karibu umalizike. Pale ulipokatwa tumepanda misindano. Msindano ni mti wa mbao mzuri, sina ugomvi nao, unalipa mishahara Shume. Ila msitu wa asili ndio wenye ndege asiyepatikana popote duniani isipokuwa Usambara Magharibi, kijindege cha kahawia kiitwacho na wataalamu Sheppardia montana, anayerukaruka chini ya vichaka wala hana habari kwamba ni maarufu.

Na kwa umaarufu: mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alichukua ua dogo la zambarau linaloota kwenye majabali yenye kivuli huku Usambara, akalipeleka kwao. Likaitwa Saintpaulia. Leo liko kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Ninyi mliolala bwenini miaka miwili umbali wa kutembea kutoka msituni, nani amewahi kuliona likiwa jabalini? Nanyoosha mkono peke yangu, naona.

Wanaoishi kando ya msitu wanaambiwa: usikate, usichunge, usilime, unatunza maji ya taifa. Sawa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya hii, kabla halmashauri ya Bumbuli haijajitenga mwaka uliofuata. Mashamba yamegawanywa kwa urithi mpaka mengine ni ukubwa wa ukumbi huu. Unamwambia mtu huyo atunze chanzo kwa faida ya turbini, na bili ya umeme inamjia yeye. Yule bibi wa majani ya Guatemala angeuliza lile swali lake: yatalala tu? Mimi naona sehemu ya pesa ya maji na umeme ingepaswa kupanda mlima, iandikwe kwenye mkataba, ifike kijijini kwenye akaunti yenye wajumbe wanaojulikana. Nimelisema hilo kwenye vikao mpaka nikapewa jina. Leo nalisema mbele ya watu watakaokuwa maofisa wa maji, wahasibu na mahakimu. Na mahakimu hata chuo chao kiko hapa hapa Lushoto, kwa hiyo msinipe kisingizio cha umbali.

Mwalimu wa zamu ananionyesha saa. Ameonyesha mara ya pili, kwa hiyo ya kwanza alikuwa ananiheshimu.

Wahitimu, kesho kutwa wengi wenu mtapanda Noah na mabegi. Sitawaambia msishuke, mimi mwenyewe nilisomea nyika, na mbu alinishika mara mbili. Ninaomba jambo dogo. Mkifika Mombo, mkiwa mnasubiri basi la Dar, msiingie kwenye simu zote. Mwendeeni utingo wa kenta yoyote iliyobeba karoti, mwulizeni: gunia hili mmelinunua kiasi gani? Andikeni. Mkifika Dar, wiki hiyo hiyo, nendeni sokoni mwulize kilo moja inauzwaje. Andikeni chini yake. Kisha mtumieni mzazi wako namba zote mbili kabla hajapanda msimu mwingine. Mkiwa mia moja na kila mmoja akafanya hivyo kila wiki, tutakuwa na daftari ambalo Semboja alikuwa nalo kichwani peke yake.

Hongeani sana. Gari langu la Mlalo linaondoka saa kumi, na dereva ni yule yule niliyemdai chenji asubuhi.